Wasifu wa Lord Delamere Uandikwe kwa Kiswahili, Nao Uanzie Gatwekera

Kwa muda mrefu sasa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu wamelelewa kuamini kwamba wasifu ni utanzu wa kusifu. Mhadhiri akitoa zoezi la kuandika wasifu, karatasi hujaa mashujaa: Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi, Wangari Maathai, Shaaban Robert. Sina ugomvi na mashujaa hao, wala sisemi waondolewe. Ninalolipinga ni ile dhana kwamba maisha ya mtu hayastahili kuandikwa kwa Kiswahili mpaka mtu huyo awe ametupendeza. Asili ya neno wasifu katika Kiarabu ni kueleza jambo lilivyo, kulitaja kwa sifa zake njema na mbovu. Sisi ndio tuliolifinya likabaki na nusu ya maana.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili hakina mapokeo ya kuandika maisha ya aina nyingine. Tippu Tip aliyasimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ikachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode. Hakuna asomaye kitabu kile akadhani anasoma habari za walii. Ni maisha ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwenye mashamba Unguja, anayesimulia safari na vita vyake bila kupepesa macho. Kwa upande wa pili, Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad alimwandika mwanamke wa Unguja aliyetoka katika unyonge akapaa kwa sauti yake. Lugha yetu basi imekwisha kumsikia mwenye nguvu akijisimulia, na imekwisha kumsikia mnyonge akisimuliwa kwa heshima. Kinachokosekana ni mwenye nguvu aliyeandikwa na watu waliobeba uzito wa nguvu zake.

Ndiyo maana napendekeza chama chetu kianzishe mradi wa kuandika wasifu wa Lord Delamere, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na mwenye mashamba mapana kupita kiasi katika Kenya ya mwanzo wa karne ya 20. Napendekeza pia kwamba wasifu huo uanzie Gatwekera.

Msomaji atauliza: Gatwekera na Delamere ni wapi na wapi? Gatwekera ni kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera, jijini Nairobi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu humo watu wapatao elfu 25. Hakuna shamba humo, hakuna ng'ombe wa maziwa wala ngano. Lakini pembeni mwa kijiji inapita reli, na reli hiyo ndiyo inayopanda kuelekea Kikuyu, ikateremka Naivasha, ikapita Elmenteita, ikafika Nakuru na Njoro. Ukiifuata hutakosea njia. Itakupeleka hadi kwenye milki zake. Mimi ninayeandika haya naishi Gatwekera, na sijapata kuisikia reli hiyo ikitajwa darasani ila katika somo la ujenzi wake na simba wa Tsavo.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 17, alirithi ubaroni pamoja na milki ya ukoo wake iitwayo Vale Royal, katika jimbo la Cheshire. Kuanzia mwaka 1891 akawa anakuja nchi ya Wasomali kuwinda. Katika safari moja alishambuliwa na simba, na aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur. Delamere alichechemea tangu hapo hadi kufa kwake. Natamani mwandishi wa wasifu huu akae kidogo na Abdullah Ashur. Mtu huyo hutajwa kwa sentensi moja, akishamwokoa bwana akatoweka. Laiti simba angemshinda, pengine ramani ya Bonde la Ufa ingekuwa nyingine.

Mwaka 1897 alifika katika nyanda za juu za Kenya akitokea Berbera na msafara wa ngamia. Nchi ilimwingia moyoni. Mwaka 1903 akarudi kukaa, na serikali ya Kamishna Charles Eliot, baada ya kumkatalia maombi ya kwanza, ikampa eka 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Tuiweke hesabu hii sawasawa. Eka 100,000 ni zaidi ya kilomita mraba 400. Kibera nzima ya leo, pamoja na vijiji vyake vyote, huhesabiwa kuwa takriban kilomita mraba 2.5. Yaani kipande cha kwanza alichopewa mtu mmoja kinameza Kibera mara 160.

Yaliyofuata ni hadithi ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuiruka, kwa kuwa ndiyo inayomtetea Delamere kuliko nyingine yoyote. Alileta kondoo wa merino kutoka ng'ambo, wakadhoofika na kufa. Baadaye ilijulikana kwamba udongo wa Njoro umepungukiwa na madini ya kobalti. Alileta ng'ombe, wakapigwa na homa ya mapafu na ndigana kali. Akaacha mifugo akalima ngano, nayo ikaliwa na kutu. Hapo mtu mwingine angefunga virago. Yeye aliajiri mtaalamu, akajenga maabara shambani, akaanza kuchanganya mbegu ili apate ngano isiyoshikwa na kutu. Mwaka 1908 kampuni ya Unga ikaundwa kwa juhudi zake ili ngano ipate pa kusagwa. Alitumia mali yake mwenyewe, akaiweka rehani milki ya baba zake, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa na madeni makubwa. Mama auzaye chapati kando ya reli pale Gatwekera hana habari na lolote katika haya, lakini ngano iliyomo katika chapati yake ina historia inayopitia katika maabara ile. Njoro imeendelea kuwa kituo cha utafiti wa ngano hata leo, na ugonjwa wa kutu bado unapiganiwa hapo hapo.

Basi mtu huyu hakuwa mvivu wala mwoga. Wanaomwandika kama jambazi tu wanatuandikia katuni, na katuni haimfundishi mwanafunzi kitu. Lakini swali ambalo wasifu wa Kiswahili lazima uulize, na ambalo wasifu wa Kiingereza haukuliuliza kwa dhati, ni hili: mali ya kujaribia na kukosea mara 3 mfululizo ilitoka wapi? Pesa zilitoka Cheshire, sawa. Ardhi ilitoka wapi? Na mikono?

Ardhi ilitoka kwa Wamaasai kwa kiasi kikubwa. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa katika Bonde la Ufa, sehemu yao ikapelekwa Laikipia kwa ahadi kwamba haitasumbuliwa tena maadamu kabila lao lingalipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mkataba wa mwaka 1911 ukawahamisha kutoka Laikipia pia, wakasukumwa kusini. Walipokwenda mahakamani, kesi ya mwaka 1913 ilitupiliwa mbali kwa hoja ya ajabu: kwamba Wamaasai ni taifa la kigeni lililofanya mkataba na mfalme wa Uingereza, kwa hiyo mahakama ya koloni haina uwezo wa kuusikiliza mgogoro huo. Wakawa wageni mahakamani katika nchi waliyozaliwa.

Hapa ndipo maisha ya Delamere yanapokuwa magumu kuandika. Alijifunza Kimaasai. Alipenda kukaa na wachungaji wa Kimaasai kuliko watu wa tabaka lake, akaishi katika nyumba za udongo kwa miaka mingi, akavumilia wizi wa ng'ombe wake akiucheka. Wapo wanaosema hilo ni ushahidi wa moyo mwema. Mimi naliona kuwa jambo la kusikitisha zaidi, kwa sababu ujinga haumwondolei lawama: aliwajua watu wale kwa majina, kwa lugha yao, na bado akakaa katika Baraza lililoitangaza nchi yao kuwa nyanda za Wazungu.

Tuliangalie basi Baraza hilo. Lilikaa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na Delamere akiwa mmoja wa wajumbe wachache wasio maofisa wa serikali, walioteuliwa kuwasemea walowezi. Hakudumu kwa utulivu. Mwaka 1908 aliongoza kundi la walowezi hadi nyumbani kwa Gavana Hayes Sadler kumzomea na kumtaka ajiuzulu, sababu ikiwa kanuni za kuajiri vibarua ambazo wao waliziona zinawadekeza Waafrika. Akasimamishwa ujumbe, kisha akarudishwa. Uchaguzi wa kwanza ulipofanywa mwaka 1920, waliopiga kura ni Wazungu peke yao, na Delamere akaingia kwa kura za Bonde la Ufa. Tangu hapo hadi kifo chake alikuwa ndiye kiongozi wa wajumbe wa kuchaguliwa. Mwaka 1923 alikwenda London kupinga madai ya Wahindi ya kupiga kura katika orodha moja na Wazungu na kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Waraka uliotolewa mwaka huo na serikali ya Uingereza ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Waafrika wenyewe hawakuwa na hata kiti kimoja barazani. Walisemewa na mmisionari, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 37 baada ya kikao cha kwanza na miaka 13 baada ya Delamere kuzikwa Soysambu.

Mwaka 1925 aliwaita walowezi wa Afrika Mashariki na Kati mkutanoni Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, kupanga shirikisho la nchi hizi chini ya uongozi wao. Wenzetu wa vyuo vya Tanzania wana sehemu yao ya utafiti hapo, nami nawaachia.

Lililo muhimu kwetu sisi wanafunzi wa lugha ni kwamba Baraza hilo lilituachia maneno. Chukua neno lenyewe, baraza. Kwa Waswahili wa pwani baraza ni ule ukumbi mbele ya nyumba, benchi la mawe wanapokaa majirani kupokea mgeni na kuzungumza; mwenye neno husema, asiye na neno husikiliza, na hakuna anayeulizwa kabila wala eka. Serikali ya kikoloni ililitwaa neno hilo ikalipa vikao vyake. Hivyo tukapata baraza la chifu, ambapo wananchi huketi juani kuambiwa yaliyokwisha kuamuliwa, na Baraza la Kutunga Sheria, ambapo yaliamuliwa. Na lilikuwapo baraza jingine, lile la hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, walipokaa walowezi jioni na vinywaji vyao. Visa vingi vinavyosimuliwa kuhusu Delamere ni vya hapo: farasi kuingizwa hotelini, bunduki kufyatuliwa kwa mzaha. Watalii huvipenda visa hivyo. Ni karibu na baraza hilo hilo, Machi 1922, ambapo umati uliokuja kudai Harry Thuku aachiliwe ulipigwa risasi.

Au chukua kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 abebe karatasi ya alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Viongozi wa walowezi walikuwa wameidai sheria ya aina hiyo kwa miaka, ili kibarua akitoroka shambani akamatwe. Koloni likaisha, kikebe kikatupwa, neno likabaki. Pale Gatwekera kijana akisimamishwa na polisi usiku bado huulizwa kipande chake, ingawa serikali inakiita kitambulisho na sisi wasomi tunasahihisha. Hamusi yetu ikilitaja neno hili kwa maana ya cheti tu, bila kutaja shingo, imetunyima robo tatu ya maana yake.

Neno la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, nalo ni skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimruhusu Mwafrika kuishi katika shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka. Watu hao waliitwa maskwota, kwa maana ya wavamizi wa ardhi isiyo yao. Wengi wao walilima mahali ambapo wao, au jirani zao, walilisha mifugo kabla ya mkataba wowote kuandikwa. Yule aliyefika mwaka 1903 akaitwa setla, mtu aliyetulia. Lugha iligeuzwa kichwa chini miguu juu, nasi tukaipokea hivyo hivyo ilivyogeuzwa. Hata leo mkaazi wa Kibera ambaye babu yake alizaliwa humo huandikwa magazetini kuwa skwota, na hakuna mhariri anayeona haya.

Hapa inafaa kuitazama Kibera yenyewe kwa jicho la miaka ile. Wakati Delamere akihangaika na kutu ya ngano, serikali ilikuwa ikiwapa askari wa Kinubi wa kikosi cha KAR mahali pa kukaa katika msitu ulioitwa kibra kwa lugha yao. Eneo hilo lilipimwa mwaka 1912, eka 4,197, likatangazwa rasmi mwaka 1918 kuwa hifadhi ya jeshi. Askari aliyetumikia miaka mingi alipewa pasi ya shamba iliyomruhusu kujenga na kulima. Pasi hiyo haikuwa hati ya kumiliki. Walowezi kwa sheria ya mwaka 1915 walikuwa wakipata mikataba ya miaka 999. Askari aliyewapigania alikaa kwa hisani. Hifadhi ilimegwa awamu kwa awamu, kwa nyumba za serikali, kwa mitaa ya watu wa kipato cha kati, mpaka ikabaki ilivyo. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya eka 288. Miaka 105 imepita hapo katikati. Mimi si Mnubi, na wengi wa majirani zangu Gatwekera wana asili ya magharibi mwa nchi, wapangaji katika nyumba za mabati, lakini najua kwamba bila swali la hati ya Wanubi huwezi kulieleza swali la kodi yetu.

Simtwishi Delamere lawama ya kuijenga Gatwekera. Hakuijenga, na kijiji kilikua zaidi baada ya Uhuru, chini ya serikali zetu wenyewe, ambazo nazo zina wasifu wake wa kuandikwa. Ninachosema ni kwamba kodi ya kibanda iliyomtoa mwanamume wa Nyanza nyumbani kwake kutafuta shilingi, kipande kilichomfunga kazini, na kanuni zilizomhesabu kuwa mpita njia mjini, asiyestahili kujengewa nyumba ya kuishi na mkewe, vyote vilitoka katika siasa ambayo Delamere alikuwa msemaji wake mkuu. Mbele ya tume ya vibarua ya mwaka 1912 na 1913 yeye mwenyewe alieleza wazi hoja yake: Mwafrika akiwa na ardhi ya kumtosha, mashamba ya walowezi hayatapata wafanyakazi. Hakuificha. Sifa moja ya mtu huyo, na naisema bila kejeli, ni kwamba aliyasema hadharani yale ambayo wengine waliyafanya kimya kimya.

Najua upo upinzani. Baadhi ya wahadhiri wetu watasema kazi hii ni ya idara ya historia. Nami nauliza: imeandikwa kwa lugha gani huko? Kitabu kikuu cha maisha ya Delamere ni kile cha Elspeth Huxley cha mwaka 1935, chenye juzuu mbili, na jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema nchi ya Mzungu. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ustadi na mtu aliyekulia miongoni mwa walowezi, na hadi leo ndicho kinachotegemewa. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekipinga vikali, lakini wamekipinga kwa Kiingereza. Mjadala mzima umepita juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Tukumbuke kwamba kumbukumbu za Baraza lenyewe ni za Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakikuruhusiwa katika Bunge la Kenya mpaka mwaka 1974, pale Rais Kenyatta alipoamuru kitumiwe. Kwa miaka 67 sheria za nchi hii zilijadiliwa kwa lugha ambayo wengi wa walioadhibiwa kwazo hawakuielewa. Wasifu wa Kiswahili ungekuwa ni kuyarudisha mazungumzo hayo mahali ambapo wahusika wanaweza kuyasikia na kuyajibu.

Wengine watasema kumwandika Delamere ni kumjengea sanamu upya. La hasha. Sanamu alikuwa nayo. Ilisimama katikati ya Nairobi katika barabara iliyoitwa kwa jina lake, na Uhuru ulipofika iling'olewa ikapelekwa Soysambu. Barabara sasa ni Kenyatta Avenue. Sikitiko langu ni kwamba tuliiondoa sanamu bila kuandika lolote mahali pake. Jina limebaki katika maziwa na mtindi madukani, na kijana wa Gatwekera akilisikia hufikiria pakiti. Kunyamaza kumemfaa marehemu kuliko sanamu ilivyomfaa.

Kuhusu namna ya kuandika, nina maoni machache ambayo si lazima yafuatwe. Kwanza, wasifu huo usiwe tafsiri ya Huxley iliyopakwa hasira. Uchimbe upya: kumbukumbu za Baraza zimo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na mwanafunzi wa mwaka wa 3 anaweza kuzisoma. Pili, tuwafuate wazee wa Njoro, Elmenteita na Naivasha waliosikia kwa baba na babu zao habari za mashamba yale, kabla masimulizi hayo hayajazikwa nao. Wachungaji, wapagazi, wapishi, manyapara. Watu hao walimwona bwana bila kofia, na ndio wanaokosekana katika juzuu zote mbili. Tatu, mwandishi asione aibu kuwa na msimamo, ila asiufiche ndani ya vivumishi. Ukiandika kwamba kondoo walikufa, andika wangapi kama idadi ipo. Ukiandika kwamba watu walihamishwa, taja mwezi, njia waliyopita na mito waliyovuka. Lugha ya fasihi yetu imezoea kulia haraka mno.

Limebaki suala la jalada, na hapa najua nitapingwa. Tumwiteje mtu huyu? Mkulima halifai, mkulima ni yule anayeinama na jembe, na ukilitumia hapa utamfuta aliyeinama. Bwana shamba tumekwisha kumpa afisa wa kilimo. Mwenye shamba ni neno la pwani lenye heshima yake, lakini linamkubalia umiliki ambao ndio unaobishaniwa. Mlowezi ni neno la vitabuni, safi, halina harufu. Mimi nachagua setla, japo ni la kukopa na japo nimelilalamikia hapo juu, kwa sababu ndilo lililotumiwa na watu waliomfanyia kazi, na katika vinywa vyao halikuwa na utulivu wowote. Mwenye hoja ya mlowezi aiandike katika toleo lijalo.